Wangapi?

Mlangoni pa kanisa la kwanza, mjini Winnipeg,
kijana mwenye redio ndogo kiunoni
aliniuliza kama mhudumu wa hoteli: Wangapi?
Nikainua kidole kimoja.
Akachungulia nyuma ya bega langu:
labda mume anafunga gari,
labda watoto wanakung'uta viatu.
Nyuma yangu palikuwa na upepo tu
na mlango unaojifunga wenyewe.

Kadi ya wageni ilikuwa na kisanduku cha ndoa,
kisanduku cha watoto, umri wao, mizio yao ya karanga.
Nikaandika: Hazel Penney, natoka Corner Brook,
kazi yangu kusoma mita za maji.
Wiki ya pili barua ikaja:
Kwa familia ya Penney.
Nikaisoma kwa sauti jikoni,
familia nzima ikasikia.

Kanisa la pili lilikuwa na kikundi cha wasio na ndoa.
Walikuwa na miaka ishirini na miwili, na gitaa.
Nilikula pizza nimeketi juu ya mto sakafuni,
magoti yangu ya miaka arobaini na moja
yakilia kulishinda gitaa.

La tatu, mke wa mchungaji alinishika mkono
kwa mikono yake miwili, kama mfiwa.
Alikuwa na binamu huko Brandon.
"Ana trekta mbili," akanong'ona, "na moyo safi."
Sizikatai trekta.
Ila nilikuja kumtafuta mtu wa kuniambia
amani iwe kwako
bila kwanza kukitazama kidole changu.

Mungu, nilisema ndani ya basi, Wewe nakujua.
Tulisafiri pamoja, Wewe na mimi na masanduku mawili.
Ni watu Wako ndio sijui umewaweka wapi.

La nne sikulichagua.
Januari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
basi halikuja, kope zikaanza kushikana.
Mtaa wa Sargent, mlango wa kahawia; nikausukuma
ili nipate joto, si neno la uzima.
Ndani watu kumi na mmoja
na kinanda chenye noti moja iliyokwama,
noti iliyoendelea kulia hadi katikati ya sala.
Hakuna aliyecheka. Walikwisha kuizoea
kama mjomba anayekoroma.

Baada ya baraka, Bi Olha Wasyliw
alinitazama toka juu hadi chini, akanipa koleo.
"Una mgongo mzuri. Ngazi za upande wa kaskazini."
Hakuuliza wangapi.
Nikazoa theluji sambamba na Bayani,
muuguzi wa zamu ya usiku,
tukajadili soksi, soksi tu, nusu saa nzima.

Jumapili iliyofuata nilirudi
kwa sababu theluji nayo ilirudi.

Februari homa ikanilaza.
Jioni mlango ukagongwa: Bayani, na supu ya tangawizi
ndani ya mtungi uliofungwa kwa skafu,
na karatasi yenye mwandiko wa kutetemeka:
*Ngazi zimejaa. Sauti ya pili imepwaya. Una nini?*
Nikalia pale pale, nikasingizia mafua.
Miezi mitano mji mzima haukugundua nipo;
leo watu kumi na mmoja wamegundua sipo.
Sikujua kwamba kukosekana nako ni cheo.

Sisemi upweke umehama.
Bado namenya viazi viwili,
cha tatu nakishika kidogo, nakirudisha kapuni.

Lakini Pasaka makanisa yalipoabudu pamoja,
tulialikwa kwenye lile jengo kubwa,
na kijana yule yule, na redio yake: Wangapi?
Nikageuka. Bi Olha alikuwa akigombana na fimbo yake,
mtoto wa nani sijui ameng'ang'ania koti langu,
mtu wa kinanda amebeba keki kama sanduku la agano.
"Ngoja kwanza," nikamwambia,
"wengine bado wanaegesha gari."